Maandalizi ya dhoruba hufanywa kiangazi: barafu ya Quebec na mvua za Dodoma

Mkoa wa Dodoma hauna majira ya theluji, na hakuna mtabiri wa hali ya hewa atakayewaambia wakazi wa Kongwa au Bahi wajihadhari na barafu inayoangusha nyaya za umeme. Hata hivyo, ukifuatilia namna mikoa ya nchi za baridi inavyojiandaa kwa dhoruba ya barafu, utakuta kwamba maswali wanayojiuliza watu wa huko ndiyo yale ambayo sisi wa kanda ya kati bado hatujayajibu kwa ukamilifu. Umeme ukikatika kwa siku kumi mfululizo, maji yatatoka wapi? Barabara kuu ikikatika, dizeli ya jenereta za hospitali italetwa na nani na kwa njia ipi? Ni nani katika kila mtaa anayejua nyumba yenye mzee anayeishi peke yake? Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mkoa hauwi tayari kwa dhoruba kwa kutoa tu matangazo mengi ya tahadhari. Unakuwa tayari pale unapojua kitu gani kinategemea kitu gani, na ukaweka akiba katika kila fundo la utegemezi huo kabla mvua ya kwanza haijanyesha.

Dhoruba ya barafu ni tofauti na theluji. Hutokea pale hewa yenye joto kiasi inapopita juu ya tabaka jembamba la hewa baridi sana lililolala karibu na ardhi. Mvua huanguka ikiwa maji, lakini ikigusa waya, tawi au lami yenye baridi chini ya nyuzi sifuri huganda papo hapo na kufanya ganda la barafu. Mvua ikiendelea, ganda hilo huongezeka unene saa hadi saa. Madhara yake makubwa hutokana na uzito. Aliyekulia katika nyumba ya tembe hapa Ugogo atalielewa jambo hili upesi, kwa kuwa paa la udongo haliangushwi na kishindo cha mvua moja. Huanguka baada ya siku kadhaa za mvua isiyokatika, udongo unapokuwa umenyonya maji hadi uzito wake ukazidi nguvu za miti iliyolibeba, na mara nyingi huanguka usiku wakati watu wamelala.

Mfano unaotajwa zaidi ni ule wa Januari 1998, wakati mvua ya namna hiyo iliponyesha kwa siku kadhaa katika jimbo la Quebec na sehemu nyingine za mashariki mwa Kanada, pamoja na majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani. Baadhi ya maeneo ya kusini mwa Quebec yalipata takribani milimita 100 za mvua iliyoganda. Minara ya chuma ya njia kuu za umeme zaidi ya 1,000 ilianguka, na pamoja nayo maelfu ya nguzo za mbao mijini na vijijini. Mamilioni ya watu walikaa gizani katika kilele cha baridi. Katika eneo lililo kati ya miji ya Saint-Hyacinthe, Granby na Saint-Jean-sur-Richelieu, ambalo watu waliliita pembetatu ya giza, wapo waliosubiri zaidi ya mwezi mmoja kabla taa hazijawaka tena. Kanada ililazimika kupeleka wanajeshi zaidi ya 15,000 kusaidia kufungua barabara, kusimamisha nguzo na kupita nyumba kwa nyumba kuangalia nani yuko hai na nani anahitaji kuhamishwa.

Lakini tukio ambalo naona lingepaswa kusomwa kwa makini zaidi hapa Dodoma lilitokea tarehe 9 Januari mwaka huo, na halikuhusu nguzo hata kidogo. Siku hiyo mitambo ya kusafisha na kusukuma maji ya jiji la Montreal ilikosa umeme. Jiji lenye mto mkubwa ubavuni lilibakiza saa chache tu kabla mabomba hayajakauka, na kwa sababu hiyo hiyo kikosi cha zimamoto kingekosa maji wakati watu walikuwa wakiota moto majumbani kwa mishumaa na majiko ya kuni. Hakuna aliyekuwa amekosea siku ile. Kosa lilikuwa limefanyika miaka mingi nyuma, pale uhai wa huduma moja ulipotundikwa juu ya nyingine bila kuwekwa njia ya pili.

Sasa tuutazame mji wetu. Sehemu kubwa ya maji ya Jiji la Dodoma hutoka katika visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Maji hayo hayaji yenyewe. Huvutwa kutoka chini na pampu za umeme, kisha husukumwa hadi kwenye matangi yaliyo vilimani ndipo yateremke majumbani. Kila mkazi wa Dodoma anajua kwamba umeme ukisumbua, maji nayo husumbua, na tumezoea kulichukulia hilo kuwa kero ya kawaida ambayo dawa yake ni kuwa na simtangi uani. Simtangi la lita 1,000 linaitosha familia kwa siku chache. Haliwatoshi wagonjwa wa hospitali, wala halimsaidii mpangaji wa chumba kimoja anayenunua maji kwa ndoo. Mwaka 2012 jiji hili lilikuwa na watu 410,956. Sensa ya 2022 ilihesabu 765,179. Hata hivyo, fundo linalounganisha bomba na nguzo ya umeme ni lile lile.

Kuna jambo jingine kuhusu bonde la Makutupora ambalo hufanya suala hili kuwa gumu zaidi kuliko hofu ya mafuriko peke yake. Vipimo vya kina cha maji vilivyochukuliwa huko kwa zaidi ya nusu karne vimeonyesha kwamba visima havijazwi na mvua za kila mwaka kwa kiwango sawa. Hujazwa hasa na misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida, mingi ikiwa ni ile ya El Niño, na msimu wa 1997/98 ni miongoni mwa iliyojaza maji mengi zaidi. Yaani mvua ile ile inayokata barabara na kubomoa nyumba ndiyo inayotuwekea maji ya kunywa ya miaka inayofuata. Hatuwezi kuomba isije. Tunachoweza ni kujenga mkoa unaoipokea bila kupoteza watu, na hapa ndipo nafasi yetu inapotofautiana na ile ya watu wa Quebec, kwa sababu wao barafu haiwaachii faida yoyote.

Fundo la pili ni barabara. Machi 2020, mvua zilipokata daraja la Kiyegeya wilayani Gairo, barabara ya Morogoro hadi Dodoma ilifungika, na foleni za malori na mabasi zikalala pande zote mbili huku baadhi ya magari yakilazimika kuzunguka kupitia Iringa na Mtera. Reli ya zamani haikuwa mbadala wa kutegemewa sana, kwa kuwa kipande chake cha kati ya Kilosa na Gulwe kinafuata bonde la mto Mkondoa na vijito vyake, na kwa miaka mingi kimekuwa kikizolewa na mafuriko, kama ilivyotokea kwa ukali mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Leo tuna reli ya kisasa iliyoanza kusafirisha abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na hiyo ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo, reli hiyo inaendeshwa kwa umeme. Hivyo, katika siku ambayo dhoruba imegusa gridi na barabara kwa pamoja, mpango wa dharura unaosema tu kwamba mahitaji yataletwa kutoka Dar es Salaam utakuwa umeandikwa kwa ajili ya siku za kawaida.

Mfano wa Texas unaonyesha jinsi mafundo haya yanavyoweza kufungana yenyewe kwa yenyewe. Februari 2021, baridi kali ilipolikumba jimbo hilo la Marekani, wasimamizi wa gridi walilazimika kukata umeme kwa zamu ili mfumo mzima usianguke. Baadhi ya maeneo waliyoyakata yalikuwa na mitambo ya kuchimba na kusukuma gesi, ambayo wamiliki wake hawakuwa wameiorodhesha kuwa huduma muhimu. Mitambo ikazimika, gesi ikapungua, na kwa kuwa vituo vingi vya kuzalisha umeme vilitegemea gesi hiyo, umeme ukapungua zaidi. Mamilioni ya nyumba zilibaki bila umeme kwa siku kadhaa. Karatasi moja iliyojazwa mapema ingepunguza sehemu ya balaa hilo.

Zaidi ya hayo, Texas ilikuwa imeonywa. Miaka kumi kabla, Februari 2011, baridi ilikuwa imezima vituo vya umeme huko huko, na wachunguzi wa serikali kuu wakapendekeza mitambo ikingwe dhidi ya baridi. Mapendekezo hayo hayakufanywa kuwa lazima hadi baada ya maafa ya 2021. Quebec kwa upande wake ilifanya vizuri zaidi baada ya kuumia. Tume iliyoongozwa na mhandisi Roger Nicolet ilichunguza kilichotokea, jimbo likatunga sheria mpya ya ulinzi wa raia mwaka 2001, na shirika la umeme likaanza kuweka minara imara zaidi katikati ya ile ya kawaida, ili mmoja ukianguka usivute mingine yote katika mstari. Wazo hilo la mnara wa kuzuia ndilo naliona kuwa na thamani kubwa kuliko yote. Mhandisi anakubali kwamba kitu fulani kitaanguka, kisha anaamua mapema mwanguko huo utakomea wapi.

Msomaji anaweza kusema kwamba tishio kubwa la Dodoma ni ukame, wala si dhoruba, na kwamba mkoa unaopata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka una mengine ya kuhangaikia. Hoja hiyo ina uzito. Wazee wa Ugogo bado wanaitaja Mtunya, njaa ya miaka ya 1918 hadi 1920, na akiba ya nafaka na mlenda mkavu ni elimu ambayo jamii hii haikufundishwa na afisa yeyote. Lakini ukame huja taratibu na hutoa muda wa kujipanga, wakati dhoruba huja usiku mmoja. Ardhi iliyokauka na kukanyagwa na mifugo hainywi maji ya mvua kubwa, bali huyaacha yatiririke kuelekea kwenye makorongo. Wilayani Kondoa serikali iliwahi kulikabili jambo hili kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, hadi mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyomomonyoka. Uamuzi ule uliwaumiza wafugaji, na lazima tuukumbuke kwa ukweli huo, ingawa pia uliirudishia ardhi majani na miti. Maji yanayotoka Kongwa na Mpwapwa hayaishii kwetu. Hufuata Kinyasungwe na kuteremka hadi Kilosa, ambako majirani zetu wa Morogoro hupokea tope tulilolizembea.

Nasi tumepata mafunzo ya uchungu karibu na nyumbani. Machi 2015, mvua ya mawe na upepo iliangukia kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, ikaua zaidi ya watu 40, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba za udongo zilizobomoka. Hiyo ndiyo barafu yetu, na ilianguka katika nchi ya joto. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliporomokea Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Mtu asiseme kwamba mambo hayo ni ya pwani au ya nchi za mbali.

Takwimu za Texas zinasaidia pia kuonyesha watu hufia wapi. Mamlaka ya afya ya jimbo hilo ilihesabu vifo 246 vilivyotokana na dhoruba ya 2021. Kati ya hivyo, 161 vilitokana na baridi yenyewe, na 19 vilitokana na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, kwa kuwa watu waliwasha jenereta, magari au majiko mahali pasipo na hewa ya kutosha. Kifo hiki cha pili tunakijua. Mvua ikinyesha mfululizo, au upepo wa kipupwe ukivuma Julai, jiko la mkaa huingizwa chumbani, mlango hufungwa, pazia huchomekwa chini ya mlango ili baridi isipite, na watoto hulazwa karibu na joto. Mkaa uliokolea hautoi moshi unaoonekana, kwa hiyo mama huamini kwamba hatari imekwisha, kumbe hewa ile haina rangi wala harufu. Elimu ya jambo hili haihitaji bajeti ya wizara. Inahitaji mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliseme katika kila nyumba kabla ya msimu, na jenereta ya duka isiwekwe kamwe kwenye korido ya nyumba ya wapangaji.

Mifugo nayo ina nafasi yake, hata kama mipango ya mijini huisahau. Baada ya mvua kubwa za El Niño za mwishoni mwa 2006, homa ya Bonde la Ufa ilizuka na mwaka 2007 ikaua watu 144 nchini, Dodoma ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika zaidi. Mbu wanaoeneza ugonjwa huo huzaliana maji yanapotuama. Chanjo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo huhitaji kutolewa kabla mvua hazijaanza, kwa sababu ugonjwa ukishaanza kuonekana muda wa kukinga unakuwa umekwisha kupita.

Je, nani afanye haya yote? Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Muundo huo ni mzuri. Wasiwasi wangu uko katika ngazi ya chini, ambako kamati huweza kuwepo kwa jina, ikaitwa mara ya kwanza siku ya kugawa mahindi na mablanketi. Mwenyekiti wa mtaa na mabalozi wake wana kitu ambacho jeshi la Kanada lililazimika kukitafuta kwa kugonga milango, yaani ujuzi wa nani anaishi wapi, nani ni mgonjwa na nani hana ndugu. Ujuzi huo uko vichwani mwao, na ungepaswa kuwa kwenye daftari lenye majina, namba za simu na jina la jirani mwenye nguvu aliyekubali kumtoa mzee fulani usiku. Daftari hilo liwe la karatasi, maana umeme ukikaa siku mbili bila kurudi, betri za minara ya simu huisha, na pamoja na mtandao hutoweka fedha zote tulizoziweka kwenye simu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imeboresha sana taarifa zake, na siku hizi hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kwa rangi zinazoeleweka, ikieleza pia athari zinazoweza kutokea. Kinachokosekana ni tendo linalofuata. Tahadhari ya rangi ya chungwa inapotolewa kwa Dodoma na Singida, mtendaji wa kata hapaswi kuanza kujiuliza afanye nini. Iwe imeandikwa kwamba ikifika rangi hiyo, shule fulani hufunguliwa kupokea watu wa bondeni, mlinzi fulani ana ufunguo, kisima fulani cha pampu ya mkono kimekaguliwa, na magari hayavuki korongo fulani maji yakifikia alama iliyochorwa kwenye nguzo.

Mwezi wa Oktoba, simama kwenye kalavati lolote katika mitaa ya mabondeni, kama ile ya Nkuhungu. Utakuta mdomo wake umejaa mchanga hadi zaidi ya nusu, juu ya mchanga kuna chupa za plastiki, matambara na mabaki ya kifusi cha ujenzi, na pembeni mtu ameshajenga ukuta unaosogelea mtaro. Mapaa ya mabati na viwanja vilivyowekwa pevingi vimeongezeka, kwa hiyo maji ambayo zamani yaliingia ardhini sasa yanafika hapo kwa dakika chache. Kalavati hilo lilijengwa kwa fedha za umma, na kulizibua ni kazi ya vijana kumi, koleo na toroli kwa siku moja. Likiachwa, maji yatapita juu ya barabara, yataila pembeni, na ukarabati wake utagharimu mamilioni.

Sikatai kwamba mengine yana gharama kubwa. Jenereta zenye uwezo wa kuendesha pampu za Mzakwe, pamoja na mafuta yake, si jambo la mchango wa mtaa, na pengine jibu bora ni mchanganyiko wa jenereta, umeme wa jua na visima vidogo vya akiba vilivyotawanywa katika kata, ili hata Mzakwe ikinyamaza, kukauka kukomee mahali. Hospitali kubwa za mkoa na vituo vya afya vya wilayani vitahitaji akiba ya dizeli inayopimwa kwa siku, na njia ya kuileta isiyopita Gairo peke yake. Hayo yanapaswa kuingia katika bajeti, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Mvua za Dodoma huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Kwa hiyo tunayo miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, na fedha zinazopitishwa Juni zinaweza kuwa zimenunua pampu, kuzibua mitaro na kuchanja mifugo kabla ya Novemba, kama zitatolewa kwa wakati.

Ningependa kamati ya maafa ya mkoa ichapishe kila Septemba karatasi moja kwa kila kata, inayotaja chanzo cha maji cha akiba, jengo la kupokelea watu, barabara mbadala, mtu mwenye ufunguo na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha ibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata na misikitini na makanisani. Pale ambapo kata haina chanzo cha akiba, karatasi iseme hivyo waziwazi, ili madiwani wapate cha kuuliza katika kikao cha robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, kabla mvua hazijaanza.